Kwa nini mkutubi wa hospitali hupata makala ambayo daktari ameikosa?

Ingia PubMed, ile hazina ya bure ya kumbukumbu za makala za tiba inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Andika chikungunya, iamuru isake kwenye vichwa vya makala peke yake, kisha panga matokeo kuanzia ya kale zaidi. Yatakuja maelfu. Makala zilizoutambulisha ugonjwa huo kwa ulimwengu hazitakuwamo.

Zimo kwenye hazina, hakuna aliyezifuta. Ila ile ya kwanza, ya Dkt. Marion Robinson ya mwaka 1955, kichwa chake kinataja mlipuko wa ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini, Tanganyika, 1952 hadi 1953. Ya pili, ya W.H.R. Lumsden, ni mwendelezo wa kichwa hicho hicho. Ya tatu, ya R.W. Ross ya mwaka 1956, inataja mlipuko wa Newala. Jina chikungunya halimo katika kichwa hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Na mtu akiongeza neno Tanzania ili apunguze wingi wa matokeo, ndiyo kabisa amejifungia mlango: mwaka 1955 nchi yenye jina hilo haikuwapo.

Mkutubi wa maktaba ya tiba akipewa kazi hiyo huzipata, tena bila jasho. Anafanyaje?

Wengi hudhani ana vitu ambavyo wengine hawana: rafu za vitabu, au nywila za majarida ya kulipia. La nywila lina ukweli kidogo. Makala nyingi za tiba bado ziko nyuma ya malipo, na daktari wa hospitali ya wilaya hawezi kutoa makumi ya dola kwa kila makala anayotaka kuisoma. Ndiyo maana tangu 2002 kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati njia ya kusoma majarida hayo bure au kwa bei ndogo sana. Mara nyingi anayetunza nywila za Hinari ni mkutubi. Lakini nywila haimsaidii mtu ambaye hajui kwamba makala ipo.

Dhana iliyo ngumu kung'oka ni nyingine, nayo ni kwamba mashine ya kusaka inatafuta maana. Kimsingi inalinganisha herufi. Ukiandika neno, inatazama kama neno hilo limo kwenye kichwa, kwenye muhtasari au kwenye maelezo mengine ya kumbukumbu. Mwandishi akiwa amekiita kitu hicho kwa jina jingine, basi makala yake kwako haipo. Ubaya ni kwamba hakuna kengele itakayolia. Skrini haikwambii umekosa tatu muhimu. Inakuonyesha maelfu uliyopata, nawe unaridhika kwa sababu maelfu ni mengi na hakuna atakayeyamaliza. Wingi wa matokeo ndio unaompumbaza hata mtafiti mzoefu: anahesabu alichokipata, na alichokikosa hakina namba.

Kuna pia imani kwamba kuweka alama za kunukuu hufanya usakaji uwe makini zaidi. Kwenye PubMed zinaweza kufanya kinyume. Ukiandika maneno bila alama hizo, mfumo hujaribu kuyatafsiri kimyakimya kwenda kwenye majina rasmi yaliyomo katika orodha yake. Mshtuko wa moyo, kwa mfano, unaunganishwa na jina lake la kitabibu hata kama hukuliandika. Ukiyafunga kwa alama za kunukuu, unaizima huduma hiyo. Umeomba herufi hizo hasa, na utapewa herufi hizo hasa.

Hayo majina rasmi ndiyo kiini cha jambo lenyewe, na yanaeleweka vizuri ukiufikiria mtaa wowote wa Dar es Salaam. Yupo mzee mmoja ambaye nyumbani ni Baba Zuhura, shuleni alikofundisha ni Mwalimu Rashidi, msikitini ni Ustadhi, na vijana wa kijiweni wanamwita Mzee Simba. Mgeni akiingia mtaani kumuulizia Rashidi ataonyeshwa Rashidi watatu wasiohusika. Akimuulizia Mzee Simba kwa wanawake wa rika la mkewe, hakuna anayemjua. Ila mjumbe wa nyumba kumi ana daftari. Humo mzee huyo ameandikwa mara moja, kwa jina moja, na majina yote mengine yanamrudia yeye. Tena daftari linaonyesha nyumba yake iko mtaa gani, mtaa uko kata gani, kata iko wilaya gani. Mjumbe hahitaji kukisia mzee anaitwaje leo na nani. Anakwenda nyumbani kwake.

Daftari la makala za tiba linaitwa MeSH, orodha ya vichwa vya mada iliyotolewa na maktaba hiyo ya Marekani mwaka 1960 na kuhuishwa kila mwaka. Leo ina vichwa takribani 30,000 katika matawi 16: viungo vya mwili, viumbe, magonjwa, kemikali na dawa, na kuendelea hadi maeneo ya kijiografia. Kwa miongo mingi, makala ilipoingia, mtaalamu wa uorodheshaji aliipitia na kuipa vichwa vya mada, kwa kawaida kumi hadi kumi na vitano, bila kujali mwandishi alitumia maneno gani. Saratani ikiandikwa kwa majina matano tofauti, zote zilipelekwa nyumba moja.

Sasa ile habari ya kata na wilaya. Ukisaka kwa kichwa cha malaria, mfumo unachukua na vyote vilivyo chini yake: malaria ya falsiparamu, ya vivaksi, malaria ya ubongo. Ni kama tangazo lililotolewa kwa kata, kila mtaa umesikia. Urahisi huo una vituko vyake. Chini ya malaria imo pia malaria ya ndege, hivyo anayetafuta tiba ya watoto asipokuwa mwangalifu ataletewa na habari za kuku. Kichwa kimoja kinaweza pia kukaa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Limfoma ya Burkitt iko chini ya saratani na iko chini ya maambukizi ya virusi, jambo ambalo kwa mjumbe wa mtaa lingekuwa kesi lakini kwa mkutubi ni faida, maana wa kansa na wa virusi wote wanafika. Ugonjwa huo wenyewe una historia ileile ya Newala: Denis Burkitt alipouandika mwaka 1958 akiwa Uganda, kichwa cha makala yake kilizungumzia sarkoma, aina nyingine ya saratani, ya taya kwa watoto wa Kiafrika. Neno limfoma halikuwamo.

Hapa inabidi nipunguze shangwe, kwa sababu daftari hili halina miujiza. Mtu wa mwaka 1955 hakuweza kuipa makala kichwa cha mada ambacho hakijabuniwa. Kichwa cha homa ya chikungunya kiliingizwa miaka mingi baadaye, na kabla yake makala za ugonjwa huo zilikuwa zikiwekwa chini ya kundi pana la maambukizi ya alfavirusi. Makala mpya kabisa huenda bado hazijaorodheshwa. Tangu 2022 kazi ya kuorodhesha inafanywa na programu, binadamu wakikagua baadhi, na programu hiyo husoma jina la makala na muhtasari wake, si makala nzima. Imekuwa haraka mno, kutoka majuma hadi takribani siku moja. Kama imekuwa bora vilevile, wakutubi wenyewe wanabishana.

Kwa hiyo mkutubi hategemei daftari peke yake. Usakaji wake ukiuona kwenye karatasi unafanana na hesabu. Mstari wa kwanza ni kichwa rasmi cha ugonjwa pamoja na matawi yake. Mstari wa pili ni rundo la maneno ya kawaida yaliyounganishwa kwa AU: majina ya sasa, majina ya zamani, tahajia ya Uingereza na ya Marekani, vifupisho. Mistari hiyo miwili inaunganishwa, kisha hayo yote yanafungwa kwa NA pamoja na kundi jingine la dawa au la mahali, na hapo Tanzania haisimami bila Tanganyika na Zanzibar pembeni yake. Halafu anatoka PubMed na kurudia kwingine, kwa sababu majarida mengi ya Afrika hayamo kwenye uorodheshaji huo wa Marekani. Kwa hayo kuna African Index Medicus na African Journals Online.

Kabla ya yote anamhoji aliyemletea swali, na nadhani nusu ya ufundi iko hapo. Muuguzi wa wodi ya mifupa anakuja na kusema, "Naomba kitu kuhusu vidonda vya kitandani." Mkutubi anauliza: mgonjwa wa aina gani, mtu mzima au mtoto? Unataka kuzuia au kutibu? Unalinganisha nini na nini? Baada ya dakika tano swali limekuwa hili: je, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kunazuia vidonda kuliko kila baada ya saa nne, iwapo amelazwa kwenye godoro la kawaida? Swali hilo linasakika. Lile la kwanza lingeleta shehena. Na mkutubi anajua kuwa kwa Kiingereza vidonda hivyo vimeitwa vya kitandani, vya kulalia na vya mgandamizo, na kwamba mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani liliamua kuwa neno kidonda liondoke, liwekwe jeraha. Makala za kabla na za baada ya uamuzi huo hazizungumzi lugha moja.

Gharama ya kukosa makala ya zamani imeshaonekana. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwanamke mwenye afya njema wa miaka 24 alijitolea kwenye utafiti wa pumu, akavutishwa dawa ya heksamethoniamu, mapafu yakaharibika, akafariki mwezi Juni. Mtafiti alikuwa amesaka PubMed na kupitia vitabu vya kawaida vya fani. Tatizo ni kwamba PubMed ya wakati huo ilianzia mwaka 1966, na makala zilizohusisha dawa hiyo na madhara ya mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Wakutubi waliosikia habari hiyo walizipata makala hizo bila kuhangaika sana, kwenye faharasa za karatasi na kwingineko. Serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda utafiti wa chuo hicho uliokuwa ukifadhiliwa nayo.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kana kwamba mkutubi mmoja angeokoa kila kitu. Tusiende mbali hivyo. Mshiriki wa kwanza wa utafiti ule alipata kikohozi na kubanwa pumzi, na kazi ikaendelea. Hilo halikuhitaji maktaba kuliona. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba rekodi za nyuma ziliingizwa kwenye PubMed, hadi 1946. Kabla ya hapo bado kuna majalada ya karatasi, ambayo mzizi wake ni faharasa iliyoanzishwa mwaka 1879 na John Shaw Billings, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani. Maktaba aliyoiongoza ilihifadhiwa kwa miaka kadhaa ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre, jengo lile lile alimopigwa risasi Rais Lincoln.

Je, kuna ushahidi kwamba maktaba inabadilisha matibabu? Upo, ila ushikwe kwa tahadhari. Utafiti wa Rochester, New York, uliochapishwa mwaka 1992, ulipata majibu ya madaktari 208 waliokuwa wameomba taarifa kwenye maktaba za hospitali kuhusu wagonjwa wao. Asilimia 80 walisema bila shaka au pengine walishughulikia jambo fulani la mgonjwa tofauti na walivyokuwa wamepanga, na asilimia 19 walisema taarifa hizo zilisaidia kuepusha kifo. Namba hizo zinavutia. Lakini ni kauli za madaktari wenyewe, waliojibu ni chini ya nusu ya walioombwa, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Mgonjwa naye akibisha hodi, kazi inabadilika sura. Mkutubi hatafsiri majibu ya vipimo wala hapendekezi dawa. Hata akiulizwa moja kwa moja, hilo anamrudishia daktari. Anachotafuta ni maelezo ya kuaminika kwa lugha ambayo mgonjwa anaisoma. Maktaba ile ya Marekani ina MedlinePlus, tovuti ya wasio wataalamu iliyoanza 1998, na ndani yake kuna sehemu ya vijikaratasi vya Kiswahili.

Miaka hii kumezuka ombi la aina mpya. Mtu anakuja na marejeo kamili: waandishi, jina la jarida, mwaka, juzuu, kurasa. Aliyapata kwa programu ya akili bandia. Mkutubi anafungua jarida hilo, toleo hilo, kurasa hizo, na kukuta makala ya mambo mengine kabisa. Anajaribu majina ya waandishi: ni watu wa kweli, wa fani hiyo hiyo, ambao hawajawahi kuiandika. Hapo inambidi asake kila mahali anapopajua kabla hajamwandikia mteja kwamba makala hiyo haipo.