Je, kiangazi Ziwa Nyasa hutulia?

Wengi hapa Mbeya huamini kwamba mvua zikikatika Ziwa Nyasa hutulia, hivyo Juni na Julai ndiyo miezi salama ya kuwapandisha watoto boti kule Kyela. Si ajabu, radi za masika kila mtu huziona. Lakini kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, upepo mkali kutoka kusini mashariki. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, limelala kusini-kaskazini, na Kyela iko mwisho kabisa wa kaskazini, ambako mawimbi hufika yakiwa yameshakua. Jua kali halisemi lolote kuhusu upepo. Fuatilia utabiri wa ziwani, si wa Mbeya mjini. Kisha waulize wavuvi wa Matema, kijiji cha ufukweni huko Kyela. Wakiwa wamevuta mitumbwi nchi kavu, ahirisheni.