Je, wajua kwa nini kila ngonjera ina mtu wa kubisha?

Nenda kwenye mahafali ya shule yoyote ya Dodoma, kuanzia Chamwino hadi Kondoa. Mgeni rasmi akishaketi, husomewa risala, kisha wanafunzi wawili au zaidi husimama mbele yake, mmoja akibisha, mwingine akijibu. Wengi huichukulia ngonjera kama pambo la ratiba, kitu cha kupitisha muda kati ya kwaya na chakula. Lakini ililelewa kwa kazi ya siasa, na aliyeiasisi ni mtu wa hapa hapa.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Alikuwa Mgogo, hakimu, na mwandishi wa historia na mila za Wagogo. Washairi wa Kiswahili walikuwa wakijibizana kwa beti tangu zamani. Muyaka wa Mombasa alishindana kwa mashairi katika karne ya 19. Mnyampala aliyachukua majibizano hayo akayapandisha jukwaani. Aliyapa wahusika wenye kazi zao, wanaotembea, wanaonyoosheana vidole, wanaokatizana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Nyerere alikutana na washairi mwaka 1968 akawaomba waeneze siasa ya ujamaa na kujitegemea. Ngonjera ikapata ajira rasmi. Mnyampala alifariki mwaka uliofuata, 1969, lakini utanzu wake ulikuwa umekwisha kuingia mashuleni.

Sasa, mbishi ni wa nini? Siasa ikisemwa na mtu mmoja ni hotuba, na hotuba watu husikiliza huku wakitazama saa. Mbishi anauliza lile ambalo msikilizaji analo moyoni ila hathubutu kulitamka. Akiuliza vizuri, uwanja mzima unanyamaza kusubiri jibu.

Tatizo ni kwamba mbishi wa enzi zile aliandikiwa kushindwa. Anaanza mkaidi, katikati analegea, ubeti wa mwisho anakiri kosa na kushukuru. Mara nyingi alichorwa mvivu au mlevi, ili asipate wa kumhurumia. Msikilizaji si mjinga: akimwona mlevi anapepesuka kuingia jukwaani, anajua mapema nani ataondoka na ushindi. Hapo ndipo watunzi chipukizi wanapofanya mageuzi, na kwa maoni yetu ndiyo mageuzi ya maana kuliko kupachika gitaa au kuita ngonjera jina jipya. Fremu inabaki ileile, ila mbishi anapewa akili timamu na haachi kuuliza. Tazama:

Mwananchi: Bomba limekuja hapa, maji bado hatuoni.
Kiongozi: Ahadi niliyowapa, siifuti asilani.
Mwananchi: Dumu limetoka kapa, ahadi huimimini.

Hakuna tusi, hakuna jina la mtu, na kiongozi amejibu kwa adabu. Lakini hakuna aliyeongoka.

Hesabu ya mistari hiyo ndiyo ya shairi la kawaida: mizani (yaani silabi) 16, nane kabla ya kituo cha kati na nane baada yake, kina cha kati *pa*, cha mwisho *ni*. Ubeti wa mishororo minne una mizani 64. Ukighaniwa bila haraka, pamoja na hatua na ishara za mikono, unakula karibu nusu dakika, kwa hiyo beti 10 ni kama dakika tano. Zaidi ya hapo mshereheshaji ataanza kusogea na kipaza sauti, na kitakachokatwa ni mwisho, penye uzito.

Wanaoanza huteleza zaidi kwenye mizani, kwa sababu wanahesabu herufi badala ya sauti. "Mtu" ni mizani miwili, m-tu. "Nchi" vilevile, n-chi. Lakini "ndugu" nayo ni miwili tu, ndu-gu, maana *nd* inatamkwa kwa pamoja. "Mwananchi", neno lisilokosekana katika mashairi ya siasa, lina minne: mwa-na-n-chi. "Maskini" pia ni minne, kwa kuwa *s* ile inasimama peke yake. Piga kofi kila sauti. Kofi likibaki bila neno, au neno likibaki bila kofi, mstari unachechemea na mtoto atajikwaa papo hapo mbele ya mkuu wa wilaya.

Kwenye vina, mtego ni hiyo hiyo *ni*. Ni rahisi mno: shuleni, shambani, nyumbani, kikaoni. Mtunzi anajaza beti nne bila kusema kitu. Dawa ni kuandika kwanza malalamiko kwa maneno ya kawaida, kwa sentensi moja, kisha kutafuta kina kinachotoka ndani ya neno zito la sentensi hiyo.

Kwa anayerekodi na kurusha mtandaoni, kuna jambo la kuangalia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu pia kusambaza taarifa za uongo, na vina havimkingi mtu. Ukiweka tarakimu, madawati mangapi au fedha kiasi gani, iwe imethibitishwa. Usipokuwa na uhakika, mwache mbishi aulize badala ya kutangaza. Mhusika naye aitwe kwa kazi yake: Diwani, Mama Lishe, Mfugaji.

Hatua ya mwisho ni mazoezi, na ndipo ngonjera nyingi hubadilishwa. Anayesimamia sherehe husoma karatasi, akifika ubeti wa mwisho anaomba mbishi "aishie vizuri". Ndiyo maana watunzi wajanja hawaweki dai mwishoni. Wanaliweka kwenye kibwagizo, mshororo unaorudiwa kila mbishi anapofunga ubeti wake. Katika beti 10 za kupokezana, mbishi ana zake tano. Kibwagizo kikiwa ule mstari wa dumu, hata ubeti wake wa mwisho ukilainishwa, dumu litakuwa limekwisha toka kapa mara nne, na kufikia mara ya tatu watoto waliokaa chini mbele huwa wanaitikia.