Wasifu si kujisifu

Wasifu mwingi unaoletwa kwenye dawati letu la ushauri wa ajira chuoni una kurasa nne au tano. Ukurasa wa kwanza ni jina kwa herufi kubwa, picha, dini, hali ya ndoa, na shule ya msingi pamoja na mwaka wa kuanza darasa la kwanza. Ukifika kwenye uzoefu wa kazi, ambako mwajiri ndiko anakokimbilia, unakuta mstari mmoja: "Nilifanya field halmashauri."

Mstari huo ndio wa kuukalia kitako. Nilimuuliza kijana mmoja aliyesoma uhasibu: ukifika ofisini asubuhi ulikuwa unafanya nini? "Kazi za uhasibu tu, mwalimu." Nikamuuliza tena. Kumbe kila siku alikuwa anapokea taarifa za mashine za POS za wakusanya ushuru wa soko, anazilinganisha na hati za kuweka fedha benki, na akikuta pungufu anamwandikia mhasibu wa mapato. Wiki nane nzima. Tukaandika hivi: "Nililinganisha makusanyo ya ushuru wa soko ya mashine za POS na hati za benki kila siku kwa wiki nane, na kuandaa orodha ya tofauti kwa mhasibu wa mapato."

Hapo hajajisifu hata kidogo, ila anayetafuta mhasibu msaidizi ameshaona mtu wa kumpa meza. "Mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma" kila mwombaji anaandika, na msomaji hana pa kuvipimia. Na kama hujawahi kuajiriwa, usiache nafasi wazi. Kushika daftari la madeni la duka la nyumbani ni kazi, kuwa mweka hazina wa kikundi chuoni ni kazi. Andika ulikuwa unafanya nini, wapi, kwa muda gani.

Kabla ya kuandika, chukua tangazo, nenda kwenye majukumu ya kazi, pigia mstari vitenzi. Tangazo likisema "kuandaa hati za malipo" na wewe uliwahi kuziandaa, jambo hilo lipande juu. Ndiyo maana wasifu mmoja hauwezi kutumwa kwa waajiri kumi bila kuguswa. Kurasa mbili zinamtosha kabisa mhitimu mpya.

Serikalini kuna mambo ya ziada, na hapa wengi wanaanguka kabla hata uzoefu wao haujasomwa. Maombi yanayopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumwa kupitia Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni. Matangazo yake kwa kawaida hutaka wasifu wenye anwani, simu, barua pepe na wadhamini watatu (watu wanaokufahamu ambao mwajiri anaweza kuwauliza habari zako), barua ya maombi iliyosainiwa, na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimehakikiwa na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (kidato cha nne na cha sita), kutegemea ngazi.

Kinachonisumbua zaidi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo matatu, na kitambulisho cha NIDA kina herufi iliyopinduka. Tandaza nyaraka zako zote mezani leo, uzisome herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, muone wakili uandaliwe hati ya kisheria ya majina (deed poll) na isajiliwe. Ukisubiri kuitwa kwenye usaili, umechelewa.

Wadhamini nao wapigie simu kabla hujawaandika, uwaambie unaomba kazi gani. Mhadhiri aliyefundisha wanafunzi mia tatu hakukumbuki kwa jina tu. Mtumie na wasifu wako.

Ukimaliza, hifadhi kwa PDF, na faili liitwe jina lako na kazi unayoomba, siyo "CV mpya ya mwisho kabisa 2". Kisha mpe mtu mwingine asome namba yako ya simu kwa sauti huku akihesabu tarakimu. Nimeshawahi kupokea wasifu mzuri sana wenye namba ya tarakimu tisa.