Je, wajua kwa nini sumaku haikatiki ikabaki na ncha moja?

Chukua sumaku ya spika mbovu, ile pete nyeusi. Wengi huamini kwamba ukiivunja, kipande kimoja kitaondoka na kaskazini na cha pili na kusini. Sivyo. Kosa hili huanzia shuleni, ambako sumaku hupakwa nyekundu upande huu na buluu upande ule, zikaonekana kama vitu viwili vilivyounganishwa.

Ncha za pete ya spika ziko kwenye nyuso zake mbili bapa. Izungushie kitambaa, uigonge. Hupasuka kama kigae. Sogeza kila kipande karibu na dira ndogo, si dira ya chomboni, maana sumaku kali huweza kuigeuza sindano. Kila kipande kina uso unaovuta kaskazini ya sindano na uso unaoisukuma. Tena ukijaribu kuvirudisha pale vilipoachana, vinasukumana! Vilikuwa ubavu kwa ubavu, kaskazini zote juu, na ugumu wa pete ndio uliovishika. Pindua kimoja, vinang'ang'aniana.

Usumaku huo watoka kwa elektroni, kila moja ikiwa kama kijimkondo cha umeme kinachozunguka (picha ya kusaidia tu, elektroni si gurudumu). Mzunguko ukitazamwa kwa juu waenda kulia, kwa chini waenda kushoto. Hizo ndizo ncha mbili. Mlango wa nakshi wa Lamu una uso wa njiani na uso wa ndani. Upasue kwa msumeno mara kumi, kila kipande bado kina nje na ndani.

Chaji ya sumaku, yaani ncha moja isiyo na mwenzake, haijapatikana. Mwaka 1931 mwanafizikia Paul Dirac alionyesha kwamba ingekuwepo hata moja, ingeeleza kwa nini chaji ya umeme huja kwa vipimo sawa. Tarehe 14 Februari 1982, kitanzi cha waya cha mwanafizikia Blas Cabrera, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilinasa ishara moja ya kiasi kilichotarajiwa kwa ncha kama hiyo. Haikurudi, na ishara moja haitoshi.

Hata hivyo wahandisi wa antena huutumia mkondo wa sumaku, yaani mtiririko wa kufikirika wa chaji hizo, katika hesabu. Ile boriti inayozunguka juu ya meli nyingi zinazoingia bandari ya Lamu ni antena ya rada, na ndani yake mara nyingi mna bomba la chuma lililochanwa nyufa. Badala ya kuhesabu ufa, huuziba kwa chuma cha kufikirika, kisha hupitisha juu yake mkondo wa sumaku, unaopimwa kwa volti. Chuma kilicho nyuma ni kama kioo, kwa hiyo mkondo huhesabiwa mara mbili. Ukisahau hilo, uga (ukali wa wimbi linalotoka) huwa nusu, na nguvu, yaani nishati inayotoka kila sekunde, robo.