Asim alisomesha wawili, wakatoka na visomo viwili

Kurasa za mwisho za msahafu uliochapishwa Madina, ambao wengi wetu tunausoma, zinataja kuwa umeandikwa kwa riwaya, yaani upokezi wa kisomo, ya Hafs kutoka kwa Asim. Wanafunzi wangu wa qiraa, elimu ya visomo vya Qurani, huipita kurasa hiyo haraka. Mimi huwarudisha.

Asim bin Abi al-Najud alikuwa imamu wa kisomo katika mji wa Kufa, Iraki, akafariki mwaka 127 Hijria. Riwaya zake mbili mashuhuri ni ya Hafs, mtoto wa mkewe aliyelelewa naye, na ya Shu'ba. Mwalimu ni mmoja, lakini wawili hawa wanatofautiana mahali pengi. Katika Sura Hud, aya ya 41, Hafs anasoma "majreha", kwa imala, yaani kuinamisha sauti ya "a" kuelekea "e", na hapo ndipo pekee anapoifanya katika Qurani nzima. Shu'ba anasoma "mujraha", bila imala.

Basi nani kakosea? Hakuna. Inapokewa kuwa Hafs alimuuliza Asim jambo hilihili, akajibiwa kwamba yeye Hafs alisomeshwa kisomo alichokipokea Asim kwa Abu Abdulrahman al-Sulami kutoka kwa Ali, na Shu'ba akasomeshwa kile cha Zirr bin Hubaysh kutoka kwa Ibn Mas'ud, swahaba kama Ali. Asim alikuwa na sanadi mbili mkononi, yaani minyororo miwili ya wapokezi, akampa kila mwanafunzi yake. Ndiyo maana naumia nikisikia watu wakidai kuwa tofauti za visomo zilizuka kwa sababu maandishi ya kale hayakuwa na nukta. Hati ilikuwepo, lakini kisomo kilipokewa mdomoni kwa mwalimu. Al-Sulami huyo alikaa msikitini Kufa akisomesha kwa takriban miaka 40.

Wanachuoni wa hadithi walimdhoofisha Hafs katika upokezi wa hadithi. Katika kisomo wakamtegemea, kwa kuwa hiyo ndiyo fani aliyoishika tangu utotoni.

Tena hakuficha alipotoka nje ya mwalimu wake. Katika Sura al-Rum, aya ya 54, neno "dha'f" alilipokea kwa Asim likiwa na fat-ha, irabu ya "a". Yeye akachagua pia dhumma, irabu ya "u", "dhu'f", kwa ajili ya hadithi ya swahaba Ibn Umar, akabainisha kwamba hapo tu ndipo alipomkhalifu Asim. Mpaka leo anayesoma kwa Hafs husomeshwa njia zote mbili, na fat-ha ndiyo hutangulizwa.