Je, wajua kwa nini kaniki iligeuka tusi Unguja?

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alipoanza kuvuma mjini Unguja, mahasidi wake hawakuweza kuibeza sauti yake. Wakaivamia nguo. Walimwimbia kwamba katoka shamba na kaniki, na lau si hiyo sauti angekula nini? Kwa sikio la leo, kaniki ni kitambaa cheusi tu. Tusi liko wapi?

Tuanze na kitambaa chenyewe. Katika karne ya 19 meli za Marekani, nyingi kutoka bandari ya Salem, zilikuwa zikishusha Unguja marobota ya pamba nzito isiyopaushwa. Watu wakaiita merikani, na jina hilo likabaki hata pale vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe (1861–1865) vilipoiyumbisha biashara hiyo na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Chovya merikani katika rangi ya nili mpaka iive, iwe buluu ya kukaribia weusi, umepata kaniki. Ni nguo ya bei ndogo, tena haioneshi vumbi la shamba wala masizi ya jikoni.

Aliyekuwa akiigawa kwa watumwa ni bwana wao. Mtwana alipewa kipande cha merikani cha kujifunga kiunoni. Mjakazi alijifunga kaniki chini ya makwapa, mabega wazi. Kichwa kitupu, miguu mitupu. Kofia, kilemba, ukaya (kitambaa cha kichwani cha wanawake) na viatu vilikuwa vya waungwana, na mtumwa aliyejitokeza navyo mbele ya bwana wake alihesabika amevuka mpaka. Kule Mombasa na Lamu mabibi wa nyumba kubwa walitoka na shiraa, yaani kitambaa kipana kilichotandwa kama hema, wajakazi wakishika miti yake na bibi akitembea katikati bila kuonekana. Mpita njia hakuwa na haja ya kuuliza nani ni nani. Mmoja amestiriwa na nguo, wengine wanaibeba.

Kwangu mimi hapa ndipo penye jibu. Tumezoea kusema mavazi humtambulisha mtu, kana kwamba hadhi ilitangulia na nguo ikaifuata. Unguja mambo yalikwenda kinyume: mtu alipangiwa nguo, macho ya mji yakaizoea, na baada ya vizazi viwili vitatu watu wakaamini kuwa unyonge ule ni wa damu yake, wala si wa kitambaa alichopewa.

Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba. Lakini uhuru haukumfikia mtu nyumbani. Ilimbidi aende mwenyewe kuudai mahakamani, na masuria hawakuguswa na sheria hiyo mpaka 1909. Hata aliyepata hati yake, angeionesha kwa nani? Hati hukaa sandukuni. Njiani watu husoma nguo.

Basi kaniki ikatupwa. Wanaume wakashona kanzu na kuvaa kofia. Wanawake wakaikimbilia kanga, nguo iliyokuwa ndiyo kwanza inashika kasi pwani. Inasimuliwa kwamba ilianza kwa kuunga leso sita, tatu juu na tatu chini, ndiyo maana Mombasa mpaka leo huiita leso. Jina la kanga nalo linahusishwa na yule ndege mwenye madoadoa, kwa kuwa nakshi za mwanzo zilifanana na manyoya yake. Baadaye yakaingia maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Hebu fikiria mwanamke aliyekuwa akitupiwa kaniki bila kuulizwa, sasa yuko dukani anapekua doti, hii anaikataa, ile anaitaka, na anayochagua ina neno la kumsemea kwa jirani. Mapema karne ya 20 likaja buibui, na mjukuu wa mjakazi akaweza kupita njiani amejistiri sawasawa na mjukuu wa bibi.

Wenyeji wa zamani hawakusahau kwa urahisi hivyo. Siti alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, enzi za utumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu. Akahamia mjini mwaka 1911, akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Wakati huo hapakuwa na nguo ya kumshikia ubaya. Ndiyo maana ilibidi waichimbue ile aliyokwisha kuivua. Naye aliwajibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili, si uzuri wala nasaba.

Na kaniki yenyewe? Bado inauzwa, ila macho yamekwisha kuisoma vingine. Mwaka jana niliingia dukani kutafuta kitambaa kizito cha kuweka bitana ya pazia, nikaomba kaniki mita nne. Muuzaji akanitazama kidogo, akatazama mlangoni, akainama juu ya meza na kuninong'oneza: "Na nyekundu na nyeupe nikukatie, au mganga amekutajia nyeusi tu?"