Mtaro wa nyasi ni nini?

Mtaro tuliouzoea ni wa zege: kuta wima, umenyooka, kazi yake kuyaondosha maji ya mvua haraka iwezekanavyo. Mtaro wa nyasi ni bonde dogo, pana na la kina kifupi, linalochimbwa kando ya barabara au maegesho. Kingo zake zimelala, na ndani hupandwa nyasi, matete au vichaka. Maji yakiingia humo hugongana na mashina, mbio zikapungua, mengine yakazama ardhini.

Hiyo kupungua mbio ndiyo inayosafisha. Tazama maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi: meusi, yenye utando wa oili unaometameta, yamebeba mchanga, vumbi la breki na chembe za tairi. Yakipita kwenye zege, uchafu wote huo unafika mtoni au baharini ulivyo. Kwenye nyasi mchanga unatuama, zinki na shaba zilizong'ang'ania chembe za udongo zinabaki nao, na vijidudu vya ardhini vinaila oili polepole.

Jiji la Seattle, Marekani, lilikamilisha mwaka 2001 mradi uitwao SEA Street kwenye mtaa mmoja wa makazi. Barabara ilipunguzwa upana na kupindwapindwa, pembeni ikachimbwa mitaro ya mimea. Vipimo vya miaka miwili vilionyesha maji yanayotiririka kutoka mtaani yamepungua kwa asilimia 99. Huko samaki aina ya coho wamekuwa wakifa kwenye vijito vya mjini kabla ya kutaga, na mwaka 2020 watafiti walitangaza chanzo: kemikali inayotokana na mpira wa tairi. Maji hayohayo ya barabarani, yakichujwa kwanza kwenye mchanga na mboji, hayawaui.

Ndiyo maana inaniuma kuona kiwanja kipya kimemwagwa zege mpaka ukingoni, bila kubakishwa hata mita moja ya udongo.

Mtaro huu hauzuii mafuriko makubwa, na vimelea vya kinyesi hauviondoi vya kutosha. Penye mteremko mkali huwekwa vizuizi vidogo vya mawe, la sivyo maji yatang'oa nyasi. Watu huogopa mbu, na wana haki. Lakini kiluwiluwi huhitaji takriban wiki moja kuwa mbu, na mtaro uliochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili. Ukiona maji yamekaa zaidi ya hapo, tope limejaa: lizolewe, nyasi zipandwe upya.